Kinga ya Mashine Tatu

Ijumaa, jioni. Mvua imenyesha mchana kutwa na sasa yamebaki manyunyu tu, ya kuwaudhi wasio na mwavuli.

Nimefika nyumbani mapema. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai nikaisahau ikapoa. Dirisha nimelifungua na kulifunga sijui mara ngapi. Wiki imekwisha vizuri, kila mtu angesema hivyo, lakini mwili wangu haujapata habari. Ndiyo maana naandika hapa kwenye blogu, kwa simu. Labda vidole vikichoka, moyo nao utakaa chini.

Kwa mgeni anayepita hapa: naitwa Nekesa, kwetu ni Bungoma, Kenya, lakini mkate wangu uko Kampala. Naishi Ntinda. Duka langu liko Old Kampala, katika moja ya yale majengo ya kale ya Wahindi yenye veranda ndefu na ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga. Nachapa kazi za watu na kupiga picha za pasipoti. Nina kompyuta moja tu, na Jumatatu kompyuta hiyo iliugua.

Mteja wangu mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Sote tunamwita Madam. Walimu wake huandika maswali ya mitihani kwenye kompyuta ya shule, kila mmoja kwa mtindo wake, naye Madam huniletea kwenye flashi. Mimi nayapanga, nachora ramani na ile michoro ya moyo na figo, nasahihisha, kisha nachapa. Mitihani ya majaribio ya darasa la saba ndiyo inayolipa pango langu la muhula mzima.

Jumatatu Madam alikuja kuchukua kazi yake. Nikafungua folda. Tupu. Palikuwa na vialama vya faili, ndiyo, lakini ukibonyeza haviendi popote. Nilibonyeza tena na tena, kama mtu anayebisha nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Madam si mtu wa Kiswahili. Alishawahi kuniambia kwamba kwao, alipokuwa mtoto, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, na mpaka leo kikimfikia ghafla mgongo wake hunyooka. Mimi na yeye huongea Kiingereza, na vipande vyangu vya Kiganda ambavyo huvicheka. Lakini Madam akikasirika, Kiswahili humtoka chenyewe. Jumatatu kilimtoka, kimechanganyika na "nyabo", yaani "bibi" kwa Kiganda.

"Wewe nyabo, mutihani yangu iko wapi?"

"Madam, ni virusi. Watu wanaleta flashi zao hapa, siwezi kujua..."

"Mimi hapana taka kujua ya watu! Ijumaa mimi narudi. Kama kompyuta yako bado gonjwa, natoa kazi yangu yote, napereka mujini."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja picha walitazama sakafu.

Sasa niseme ukweli, kwa kuwa hapa ndipo pa kuusema. Madam alipoondoka, sikufikiria dawa kwanza. Nilifikiria mtu wa kumlaumu. Na mtu huyo alikuwa amekaa ng'ambo ya ukumbi, mlango wake unatazamana na wangu, akichapa zake kama kawaida.

Peninah.

Mimi na Peninah tulikuja mji huu pamoja. Tulipanga chumba kimoja Ntinda, godoro moja, sufuria moja. Duka tulilifungua wote, kila mmoja na mashine yake, meza zikigusana. Kisha mama yangu aliugua nikaenda nyumbani. Niliporudi nilikuta meza moja. Mashine ya Peninah ilikuwa imevuka ukumbi, ikakaa katika chumba kilichokuwa cha fundi saa, na juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya kinachosema yale yale ya kibao changu. Hakuniambia kitu. Mimi pia sikuuliza. Tangu hapo ni "habari za asubuhi" na "jioni njema", na Jumapili kanisani kila mtu na benchi lake. Madam naye, mwanamke mwenye akili, aligawa kazi: darasa la nne kwenda juu kwangu, madarasa ya chini kwa Peninah.

Kwa hiyo nikasema moyoni, ugonjwa umetoka kule. Wateja wake huvuka kwangu na flashi zao foleni ikiwa ndefu. Ukaribu huu utaniua.

Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta antivirusi.

Nilianza mtandaoni, na nusura niharibu kabisa. Tangazo jekundu lilijitokeza lenyewe, likiwaka na kuzima, linasema kompyuta yangu iko hatarini na kwamba punguzo kubwa linakwisha baada ya dakika chache. Kulikuwa na saa inayorudi nyuma. Mkono ulikuwa tayari juu ya kipanya. Kilichoniokoa ni stima. Ilipotea jengo zima, taa na mashine zikazima, na iliporudi, nikalifungua tena lile tangazo, saa yake ilikuwa imeanza upya, na zile dakika chache ziko pale pale hazijapungua. Nikaona aibu peke yangu.

Jumanne nikateremka Kisenyi. Kuna mtu pale, katikati ya magereji na maduka ya jumla ya Wasomali, anayeuza chaja, kava za simu na programu za kila aina. Kila mtu wa jengo letu humtaja. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akatoa boksi la antivirusi kutoka kwenye droo. Bei yake ilinifanya nikae wima. Ilikuwa ndogo mno.

"Mama, hii ya maisha. Mpaka wewe kufa, iko tu."

"Ni ya kweli?"

"Ya kweli kabisa. Ila kwanza unazima ile kinga inakuja na mashine. Hizi mbili zinapigana."

Hilo lilinikaa vibaya. Ni mlinzi gani wa geti anayekuambia umfukuze mlinzi wa zamani na ugeuke nyuma kidogo, ndipo aingie kazini? Lakini bei! Nilikuwa nimeshafungua pochi. Bei ndogo ina sauti tamu, hasa kwa mtu mwenye Ijumaa mbele yake.

Ndipo akaingia mama mmoja wa Kisomali, ameshika boksi kama lile lile. Alizungumza kwa upole, bila kelele. Alisema ameweka namba za kufungulia na mashine imemjibu kwamba namba hizo zilishatumiwa na mtu mwingine.

"Hakuna shida, mama," yule mtu akasema. "Nakupa zingine."

Akafungua droo ile ile alimotoa boksi langu.

Nilifunga pochi. Nilisema narudi baadaye, yeye akasema haya, na sote wawili tulijua sitarudi.

Jumatano sikufungua duka asubuhi. Niliingia duka moja la kompyuta hapa hapa Ntinda, lile ambalo huwa napita tu kwa sababu vioo vyake ni safi mno. Dada wa pale anaitwa Doreen. Nilimweleza shida yangu yote, mpaka sehemu ya Madam na Kiswahili chake. Alicheka, kisha akanionyesha antivirusi mpya ya mashine moja. Bei ilinizidi. Nikashukuru, nikageuka.

"Nyabo, subiri," akasema. "Mashine unazo ngapi?"

"Moja."

Akapanda ngazi ndogo, akatoa boksi kutoka rafu ya juu, akalifuta vumbi kwa kiganja. Lilikuwa toleo la mwaka jana, la mashine tatu. Lilikuwa la mwisho. Wanaliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu watu wakiona mwaka wa zamani juu ya boksi hudhani limeoza.

"Si maziwa haya," Doreen akasema. "Mwaka wake unaanza kuhesabiwa siku ile unaiweka. Ukishaunganisha mtandao inajivuta yenyewe mpaka toleo la sasa. Ni kitu kile kile, boksi tu ndilo la zamani."

Nilimuuliza maswali yote niliyojifunza Kisenyi. Akanionyesha muhuri haujaguswa. Akasema risiti itakuwa na jina la duka, na namba zikikataa nirudi naye atanirudishia pesa zangu. Nikapiga hesabu kichwani: watu watatu wakichanga, kila mmoja angelipa chini ya alichotaka yule wa Kisenyi.

Dili ndiyo hiyo. Nzuri, halali, na inataka watu watatu.

Doreen aliniwekea boksi mpaka Alhamisi saa sita mchana.

Mtu wa pili nilimjua kabla sijatoka dukani. Hajati Zaituni, jirani yangu wa ukuta mmoja kule Old Kampala, hupokea mizigo ya wafanyabiashara na kuipanga kwenye malori ya Juba. Ni Mnubi. Babu wa babu yake alikuja Uganda na bunduki ya Waingereza begani, akitokea Sudan, na Hajati hupenda kusema kwamba tangu siku hiyo ukoo wao haujaacha kupakia na kupakua. Kiswahili amezaliwa nacho ndani, pamoja na Kinubi chao. Nilipomweleza hakuuliza mara mbili.

"Mimi nimo, mwanangu. Kompyuta yangu nayo siku hizi inakohoa. Wa tatu nani?"

"Natafuta."

Alinitazama. Kisha akatazama ng'ambo ya ukumbi, polepole, kama mtu anayeonyesha njia kwa kidevu. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Nilipanda ngazi kwa wakili wa juu. Akasema hana haja, rafiki yake alimwekea antivirusi ya bure iliyovunjwa kufuli. Mtu wa sheria! Nilishuka kwa mwenye duka la dawa, akasema kompyuta ni ya bosi na bosi yuko safari. Fundi cherehani alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kubwa, ndipo akanikumbusha kuwa hana kompyuta.

Usiku wa Jumatano nililala vibaya, ndilo la kusema tu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeamua kumwambia Hajati tuache. Sikupata nafasi. Nilipoingia ukumbini Hajati alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, na sauti yake ni ile ya kuwaita makuli walio ng'ambo ya barabara.

"Peninah! Njoo hapa, mwanangu. Nekesa amepata dawa ya kompyuta, ya watu watatu. Mimi mmoja, yeye mmoja, na wewe mmoja. Unakuja ama hukuji?"

Laiti sakafu ya jengo lile isingekuwa ya saruji, ingenimeza.

Peninah alitoka akipangusa mikono. Hakunitazama mimi, alimtazama Hajati.

"Ni ya kweli au ya Kisenyi?"

"Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Basi akaniuliza. "Ni ya kweli?"

"Ya Ntinda," nikasema. "Ina risiti."

"Nataka kuiona kwa macho yangu kabla sijatoa pesa."

Nilikasirika. Nilitaka kusema, kati yangu na wewe nani aliyehamisha vitu bila kuonana macho kwa macho? Lakini saa ilikuwa inakwenda, na ya ukutani kwa Hajati hairudi nyuma kama ya lile tangazo. Tukapanda boda mbili. Yake mbele, yangu nyuma. Njia nzima nilitazama mgongo wake, na lile koti la mvua la kijani ambalo nilikuwa naye siku alipolinunua.

Doreen alitupokea. Peninah akageuza boksi pande zote, akasoma yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, akauliza maswali yale yale niliyouliza mimi jana, kwa mpangilio ule ule. Doreen akanitazama akatabasamu. Tukalipa. Tulipofika mlangoni mvua ikashuka, ile ya Kampala isiyopiga hodi, na waendesha boda wote wakatawanyika kutafuta mahali pa kujikinga. Tukabaki chini ya paa la duka, mimi na yeye, boksi limo ndani ya koti lake ili lisilowe.

Hatukuwa tumesimama karibu hivyo tangu enzi za godoro moja.

Alilibana boksi kifuani.

"Mama alipona?" akauliza.

Mama alipona zamani. Analima. Miaka yote hii, na hakuwa amepata nafasi ya kuuliza.

"Alipona," nikasema. Kisha: "Kwa nini ulihama, Peninah?"

Alitazama maji yanavyoruka kwenye lami. "Waliniambia hutarudi. Wale wa kanisani. Walisema ugonjwa wa mama ni sababu tu, kwamba kuna mwanamume kwenu, mahari imeshapelekwa, utatuma mtu achukue mashine. Mwenye jengo naye akaja kuuliza kama duka lote nitaliweza peke yangu. Sikuweza. Kile chumba cha fundi saa kilikuwa rahisi."

"Mwanamume gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Peninah, nilirudi baada ya wiki mbili!"

"Nilikuona. Ulipita mlangoni kwangu ukaingia kwako, hukusema neno. Nikasema, basi, amekasirika, nikimfuata ataniaibisha mbele ya watu. Kesho yake nikaogopa zaidi. Halafu ikawa mwezi."

Nilitaka kuwa na hasira. Niliitafuta pale ilipokuwa inakaa siku zote, na haikuwepo, na mahali pake palikuwa pa baridi. Nilikuwa nimeizoea. Ilikuwa inanipa nguvu ya kufungua duka asubuhi, nikitaka kumpita kwa kazi nzuri. Sasa ningeamka na nini?

Nilisema, "Mvua imepungua."

Tulianza na mashine ya Hajati. Hapo ndipo tulipokutana na swali ambalo sikuwa nimelifikiria: ile programu inataka barua pepe moja ya kusajili mashine zote tatu, na mwenye barua pepe hiyo anaona zote. Anaona ipi imewashwa, ipi ina tatizo. Mimi na Peninah tuliondoa mikono mezani kwa wakati mmoja. Naona aibu kuandika, lakini nilimwaza akikaa kule kwake akijua ni saa ngapi nimefungua na ni siku gani sina kazi. Najua naye aliwaza hivyo hivyo, kwa sababu alianza kukuna shingo. Hukuna shingo akiwa na jambo.

"Tumieni yangu," Hajati akasema. "Kwanza mimi hata kuifungua sijui, lazima mje nyote wawili mnisaidie."

Hatukujua kama ametania. Tukaitumia.

Kwangu kazi ilikwenda taratibu. Ile programu ilipitia mashine yangu faili kwa faili, mstari wa kijani ukitambaa, na nilikaa kwenye ukingo wa kiti nikiuma kucha kama mtu aliye nje ya chumba cha daktari. Ilikuta virusi, ikavitia kifungoni. Na ilipomaliza ikaniambia faili zangu zilikuwa zimefichwa tu, hazikufutwa, ikanipa kitufe cha kuzirudisha. Nikabonyeza. Figo, moyo, ramani ya Afrika Mashariki, maswali yote ya Hesabu, vyote vikarudi mahali pake. Nilipiga yowe. Peninah, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alipiga yowe pia, halafu akakumbuka, akakohoa.

Tukavuka kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia chumba kile. Ni kidogo kuliko nilivyodhani, na mvua inavuja pembeni, ametega ndoo. Aliinama chini ya meza kushika waya wa umeme, kwa kuwa soketi yake imelegea, ukiuachia mashine inazima.

"Iwashe wewe," akasema kutoka kule chini. "Mimi siwezi kuachia huu waya."

Skrini ikauliza neno la siri.

"Ni lipi?"

"Ni lile lile."

"Lile lile lipi?"

"Nekesa. Lile lile."

Niliweka vidole kwenye vitufe. Siku zile za kwanza hapa, tulipokuwa na pesa za chapati mbili kwa siku na hatuna za mboga, tuliziwekea mashine zetu neno moja ili mmoja akiugua mwenzake aweze kumalizia kazi. Yangu niliibadilisha siku ile ile niliyorudi nikakuta meza moja. Niliandika: chapatimbili. Mashine ikafunguka.

Alikuwa bado chini ya meza. Sikuuona uso wake wala yeye hakuuona wangu, na nashukuru.

Leo Madam alikuja akiwa amejiandaa kwa vita. Niliijua ile hatua yake tangu kwenye ngazi. Nilimwonyesha mitihani yote, nikamwonyesha ile ngao ya kijani pembeni ya skrini. Akasoma kila ukurasa. Akatikisa kichwa kidogo kukubali, ambayo kwa Madam ni sawa na sherehe. Kisha akafungua mkoba akatoa flashi yake, ile yenye utepe mwekundu, akasema kuna maswali ya Sayansi yamebadilishwa. Nikaichomeka.

Mashine ikalia.

Si mlio wa kawaida. Dirisha jekundu likajaa skrini, na duka lote likageuka. Virusi vile vile. Jina lile lile nililoliona Alhamisi.

"Nini hiyo?" Madam akauliza, na mgongo wake tayari umenyooka.

Nilikuwa na watu wanne wanangoja. Nilijua naweza kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wakili. Wiki nzima nilikuwa nimejiandalia maneno, ila niliyaandaa kwa ajili ya mtu mwingine, yule wa ng'ambo ya ukumbi. Nikageuza skrini wasione wengine, nikainama karibu na sikio lake.

"Ni flashi yako, Madam. Ugonjwa unatoka huko."

"Haiwezi."

"Na kwangu iliingia na ugonjwa huo huo, Madam." Hiyo ilikuwa sauti ya Peninah. Alikuwa amesikia mlio akavuka. Alisimama kando yangu, upande wangu wa meza, akaongea chini chini. "Jana tumeukuta kwenye mashine yangu pia. Wewe unakuja kwetu sote wawili."

Madam alivua miwani. Bila miwani ni mdogo kuliko Madam. Aliigeuza flashi yake kiganjani. Nilingoja Kiswahili cha vita, na Kiswahili kilikuja kweli, lakini kikiwa kimepungua nguvu.

"Kompyuta ya shure," akasema. "Warimu wote wanatumia ile moja. Basi ni mimi nareta ugonjwa."

"Hukujua, Madam," nikasema.

"Safisha. Mimi nangoja."

Akakaa. Hakuomba msamaha, wala sikuutarajia, lakini alingoja kwenye foleni pamoja na wengine, mkoba magotini, na flashi iliposafishwa aliuliza boksi lile tulilinunua wapi na kwa bei gani. Alipoisikia bei aliguna. Mhasibu wa shule ataenda kwa Doreen Jumatatu. Kwenye mlango akageuka, akasema "mwebale", akitutazama wote wawili. Kiganda kina neno moja la kumshukuru mtu mmoja na jingine la watu wengi. Alichagua la wengi.

Mnaona? Yote yamekwenda sawa. Mitihani ipo, mteja yupo, dili ilikuwa dili ya kweli. Na bado natembea chumbani.

Kwa sababu jioni, tulipofunga, Peninah alishusha mlango wake na mimi wangu kwa wakati mmoja. Tukainama pamoja kutia kufuli. Nikadhani atasema kitu. Yeye nadhani alidhani nitasema mimi. Akasema "jioni njema." Nikasema "jioni njema." Kama jana, kama mwaka jana. Akashuka ngazi.

Nilisimama na funguo mkononi kama mjinga.

Naogopa nini? Naogopa kwamba tulikuwa na sababu ya kusemezana, na sababu imeisha. Leseni yetu ni ya mwaka mmoja. Naweza kabisa kujiona nikingoja mwaka upite, boksi liishe muda, ndipo nibishe kwake nikijifanya nimekuja mambo ya antivirusi. Naye akijifanya ameamini. Tumeshaonyesha kwamba tunaweza kungoja, mimi na yeye. Kwa kungoja hatuna mpinzani.

Alisema aliogopa kunifuata, kesho yake akaogopa zaidi. Leo ni siku ya namna hiyo. Nikiiacha ipite, kesho itakuwa nzito kidogo, Jumapili nzito zaidi, na Jumatatu tutakuwa tumerudi kwenye "habari za asubuhi".

Sitaki kulala na hili. Naizima simu. Manyunyu bado yapo, lakini bado kuna mwanga, na chumba chake nakijua: ni kile kile cha godoro moja, nyuma ya soko la Ntinda, dakika chache kwa miguu. Hajahama. Aliyehama pale ni mimi, siku ile niliyokuta meza moja.

Sijui nitasema nini akifungua. Nitaanza na jina lake.